Kuku Ndani ya Kasha la Saa

9 Machi

Katika mtaa huu hajatokea kuku wa kunishinda. Aatamie wapi, aatamie lini, nikimwambia shuka, anashuka. Siku tatu ni nyingi.

Haya, uongo huo. Nimeuandika kwa sababu ukurasa ulikuwa mweupe mno, na mimi nimepaka rangi nyumba za watu miaka arobaini. Nikiona cheupe mkono unaniwasha. Kuku nilikuwa nikikutana nao kwenye sahani tu. Nilipostaafu ngazi, yaani ngazi iliponistaafisha, binti yangu alinikabidhi matetea wake watano na jogoo mmoja. Akasema, "Baba, watazame hawa." Maana yake, usinitazame mimi.

Yeye ni fundi cherehani, anashonea hapo sebuleni. Mimi naandika nyuma ya daftari lake la vipimo. Mbele kuna viuno na vifua vya watu, nyuma niko mimi. Elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne nilisoma nikiwa dirishani.

Habari ya leo ni Madoa. Huyu tetea amelala kiotani tangu juzi na chini yake hamna hata yai moja. Ameatamia upepo. Ukimsogelea anafura, anatoa sauti kama mlango wa mtu mwenye siri. Wenzake wanaotaka kutaga wanapanga foleni nje. Mmoja kachoka, kaenda kutaga kwenye kopo langu la brashi. Binti yangu anasema nimtoe upesi, maana huu uchu wa kuatamia huambukiza, na wakilala wote watano tutakosa mayai mpaka mvua ziishe.

Nimemwambia siku tatu.

10 Machi

Nimemchovya tumbo kwenye ndoo ya maji baridi. Alinitazama kama mama mkwe aliyefunguliwa mlango wa bafu. Nilipomwachia alijikung'uta, akarudi kiotani akidondosha maji.

11 Machi

Nimemchovya tena. Mvua nayo imeanza, kwa hiyo tumelowa sawa.

13 Machi

Siku tatu zimekwisha. Nimeamua kuzihesabu upya kuanzia leo.

Leo nimemtia kwenye tenga nikalitundika kwenye boriti la banda, upepo umpite chini. Kuku anaatamia kwa joto la tumbo. Tumbo likipoa, mawazo ya uzazi yanamtoka. Hayo nimefundishwa na mama muuza mkaa, ambaye naye hana kuku.

Nikiwa juu ya kigoda nafunga kamba, jirani yetu fundi saa akachungulia juu ya ukuta. Mimi namwita Bwana Tiki, kwa kuwa ndani mwake kila kitu kinasema tiki.

"Umemtia jela?" akauliza.

"Mahabusu tu. Kesi haijasikilizwa."

"Nikadhani ni jogoo. Ningekuletea kufuli."

Huyu bwana ameshamlalamikia jogoo wetu mara tatu kwa binti yangu, eti anawika alfajiri. Sasa ulitaka awike saa ngapi, baada ya chakula cha mchana? Mtu analishwa na saa, halafu anachukia saa ya bure aliyoileta Mungu. Nilimwambia hivyo hivyo usoni. Hakucheka. Meno yake nadhani yako kabatini na saa za wateja ambao hawakurudi.

16 Machi

USHINDI. Nimemshusha Madoa, ametoka anakimbia, anachakura uani na wenzake kama hakuna lililotokea. Kiota nimekifagia. Nimepita mbele ya binti yangu mara nne mikono nyuma mpaka akasema, "Haya Baba, nimeona."

17 Machi

Fundi saa kaja tena asubuhi, mara ya nne hii, na binti yangu amechoka kuomba radhi. Akaniambia, "Baba, mchinje huyu jogoo yaishe. Tutatafuta mwingine mpole."

Mimi nikiwa bado nimelewa ushindi wa jana, nikasema nipeni kisu. Nimemchinja, kapikwa, nimekula paja.

18 Machi

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya shibe.

Mwaka jana ugonjwa ulifagia mabanda ya mtaa mzima. Watu walizika kuku kwa beleshi. Wetu hawakupiga hata chafya. Madume ya kila banda yalikufa, akabaki yule wetu, na watu wakawa wanakuja kuomba mayai yenye mbegu yake. Sasa mimi nimemla. Ukileta jogoo wa sokoni, unaleta na alichonacho puani.

Nimemwambia binti yangu. Aliacha pedali, cherehani ikanyamaza. "Baba," akasema, "mbona hukusema jana?"

"Na wewe mbona hukunikumbusha?"

"Mchunga kuku ni nani?"

Lakini mama muuza mkaa ameniambia jambo: mbegu ya jogoo hukaa tumboni mwa tetea siku kadhaa hata mwenyewe akiwa keshakuwa mchuzi. Mayai ya wiki hii bado yana baba. Yakipata kuku wa kuyalalia, tukapata dume moja tu, ukoo umepona. Yasipopata, umekwisha, na aliyeumaliza ni mimi.

Anahitajika kuku mwenye hamu ya kuatamia. Nilikuwa naye. Nimeshinda siku nane kumtoa hamu hiyo.

19 Machi

Nimemwandalia Madoa kiota kipya gizani, majani makavu, na mayai mawili ya mfano. Kachungulia, kaenda zake.

20 Machi

Nimemwekea pazia.

21 Machi

Nimemwomba radhi. Kwa sauti. Binti yangu amesikia.

22 Machi

Mvua. Mayai matano mapya nimeyaweka chumbani kwangu kwenye kofia. Nayageuza asubuhi na jioni. Hamna kingine.

24 Machi

Mayai tisa. Mama muuza mkaa anasema yai likipita siku kumi bila kulaliwa linasahau kazi yake. Nimetembea uani mpaka nimechimba njia. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Binti yangu anasema kama kuna mtu hapa mwenye dalili za kutaka kuatamia ni mimi.

25 Machi

Madoa haonekani. Nimetafuta kuanzia bandani mpaka chini ya cherehani. Mwewe? Mwizi? Au kanikimbia, na kwa yale niliyomfanyia, mimi mwenyewe ningekimbia zamani.

26 Machi

Amepatikana. Sijui nicheke au nijifiche.

Asubuhi fundi saa alipiga kelele ng'ambo ya ukuta. "Mzee! Njoo uchukue mfungwa wako!"

Nikazunguka. Kwenye kibanda chake cha nyuma anaweka saa zilizokufa. Pale sakafuni limelala kasha la saa kubwa ya ukutani, refu kama jeneza la mtoto, kioo hakipo. Ndani yake, Madoa. Kajitandaza, kafura, macho hayapepesi. Chini ya tumbo anaatamia ile sahani ya shaba inayoning'inia ndani ya saa na kwenda huku na huku.

"Mtoe," akasema fundi.

Nikanyosha mkono, nikaurudisha. Ukimhamisha kuku aliyeanza kuatamia, hamu inamtoka. Najua. Ndivyo nilivyomshinda.

"Fundi," nikasema, "siwezi kumtoa."

"Juzi ulimtundika hewani, leo huwezi?"

Ikabidi nimweleze: mbegu, ugonjwa, paja nililokula. Alisikiliza kichwa kimeinama upande, sikio moja kwangu, kama anavyosikiliza saa.

"Kwa hiyo unataka niwafuge uwanjani mwangu ili baadaye nipate jogoo mwingine wa kunipigia kelele."

Hapo ndipo shetani alipokalia ulimi wangu. Nikasema, "La, la. Nimechagua mayai ya duara. Ya duara hutoa majike. Yaliyochongoka ndiyo madume, hayo nimeyaacha." Ukweli ni kwamba tangu mwanzo nilikuwa nikitia kofiani yaliyochongoka tu, yote tisa.

Alifikiri sana. "Siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Na saa ngapi?"

"Fundi, ni kuku, si treni."

Akakubali. Tumetoa sahani ya shaba, tumetia mayai tisa. Madoa aliyavuta kwa mdomo moja moja mpaka yakaingia chini, akafunga macho. Nimeyapaka alama ya rangi nyekundu, kuku mwingine akijitagia humo tujue la kutoa.

28 Machi

Naingia kwake mara mbili kwa siku na maji na punje. Haniambii karibu, haniambii kwaheri. Ameniwekea sharti moja: asubuhi nisifike kabla ya saa mbili, na nikifika nisiongee. Mimi! Nisiongee!

2 Aprili

Leo tumemulika mayai. Siku ya saba ndiyo ya kujua lipi lina mtu na lipi ni maji. Tumefunga mlango wa karakana yake, tukafunika dirisha, tukawasha ile taa yake ya mezani, nikashika yai mbele ya mwanga kati ya vidole viwili.

"Tazama," nikamwambia. Ndani mlikuwa na doa jeusi na mishipa imetawanyika kama miguu ya buibui. "Huyo hapo!"

Akabana ile lenzi yake nyeusi jichoni. Akainama. Akasogea. Akakaribia mpaka nywele zake zikagusa taa.

"Wewe unaona nini?" akauliza.

"Nimekwambia, buibui. Huoni?"

Saa zake zote tiki, tiki, kila moja na mwendo wake.

"Naona mwanga," akasema. "Niambie wewe."

Nikamulika yote. Matano yana buibui, manne ni maji, hayo nikayatoa. Nilipomaliza nikamuuliza polepole, "Fundi, kama buibui humwoni, magurudumu ya saa unayaonaje?"

"Siyaoni. Nayasikia." Akaokota saa moja ya mkono, akaipeleka sikioni, akakaza kitu kwa ncha ya sindano bila kuitazama. "Hii ilikuwa inachechemea. Sasa haichechemei. Kazi nafanya alfajiri, kabla ya cherehani yenu, kabla ya barabara. Saa nzuri zote nilizotengeneza miaka miwili hii zimetoka kati ya saa kumi na saa mbili asubuhi. Na wateja hawajui. Wakijua watampelekea nani saa zao, kipofu?"

Basi nikaelewa jogoo wangu alikuwa anafanya nini kila alfajiri. Alikuwa anamziba mtu macho.

Nilitaka kumwambia kuhusu yale mayai yaliyochongoka. Nikafungua mdomo, nikaomba maji ya kunywa.

3 Aprili

Siandiki mengi. Nimewaza mengi.

7 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Binti yangu anashona, mimi nazunguka. Madoa anashuka mara moja kwa siku, anakula, anajisaidia kwa wingi wa kutisha, anarudi mbio. Mimi siwezi kukaa mahali pamoja hata kunyolewa.

12 Aprili

Nimechoka lakini lazima niandike.

Baada ya chakula cha mchana mvua ilimwagika kama mtu kapindua pipa. Mfereji wa nyuma ya nyumba zetu ukaziba. Nikasikia, "Mzee! Mzee!" Nikatoka bila viatu. Binti yangu nyuma yangu: "Baba, mgongo! Baba, ngazi ilisema nini!" Sikugeuka.

Kibandani kwa fundi, maji yalikuwa yanafika kifundoni, saa zilizokufa zinaelea, na kasha limeanza kutikisika kama mtumbwi. Madoa ndani, hajainuka. Angeweza kuruka akajiokoa. Amekaa, maji yanalamba mbao vidole viwili chini ya tumbo lake, anatutazama sisi wazee kama anasema, haya, kazi yenu.

"Shika miguuni," fundi akasema.

"Kasha halina miguu."

"Upande wenye kuku ndio kichwani. Shika kwingine!"

Tukainua. Yeye haoni anakokanyaga, mimi mgongo haukunjuki. Nikawa namwambia, "Kizingiti. Sasa ndoo. Kushoto, kushoto yako wewe!" Mlangoni kasha likagonga, yai moja likapasuka, nililisikia kabla sijaliona, na fundi alilisikia kabla yangu. Alisimama pale maji yanamtiririka usoni. "Yamebaki mangapi?" "Manne. Twende."

Tuliliweka juu ya meza yake ya kazi, kati ya makoleo na vikopo vya skrubu. Madoa akakohoa, akapanga mayai yake. Halafu saa ya ukutani ikagonga saa tisa, nyingine ikafuata, nyingine ikachelewa ikagonga peke yake, na Madoa akasimama ameshtuka.

Fundi saa akapanda kiti. Akazisimamisha. Moja moja, kwa kupapasa, akishika kila moja kifuani kama mtu anayefumba macho ya wafu. Miaka yote tangu tuwe majirani sijawahi kusikia nyumba ile ikinyamaza. Madoa akakaa.

"Kazi yako je?" nikamuuliza.

"Siku nne," akasema. "Wataambiwa fundi anaumwa."

Nilirudi nyumbani. Binti yangu alinipa taulo na akanigombeza mpaka nikapata joto.

16 Aprili

Watatu! Moja halikufunguka. Fundi aliwasikia tangu jana wakilia ndani ya ganda, akaniita nisikilize, mimi sikusikia kitu. Leo wamelala kiganjani mwake, anawapapasa, anatabasamu. Kumbe meno anayo.

29 Aprili

Mwewe kachukua mmoja. Wamebaki wawili.

14 Mei

Mvua zimepungua. Mambo ya nyumbani: binti yangu ameshona mashati ya shule na kola zote kaziweka nje ndani. Yote. Alilia juu ya meza. Mwalimu aliyeagiza alipokuja kuulizia, nikamkalisha mlangoni nikamweleza maisha yangu yote ya kupaka rangi mpaka akakumbuka ana safari. Siku mbili nimefumua nyuzi kwa wembe, na sijamtania. Nilitaka sana.

Sheria yake bado ile ile: kuku asivuke kizingiti cha nyumba hii, maana kuna vitambaa vya watu.

30 Mei

Mmoja wa wale wawili ana upanga kichwani, mwekundu, unachomoza. Miguu minene. Anamtazama mwenzake kama mwenye nyumba.

Dume. Ukoo umepona, na mimi nikakosa pa kuiweka furaha, maana anaishi kwa mtu anayefanya kazi kwa masikio, na niliyemwambia majike ni mimi. Fundi bado hajajua; upanga hauoni. Hulala naye karakanani, kwenye kasha.

8 Juni

Leo nilikwenda kumwambia. Nikamwambia kuhusu hali ya hewa.

19 Juni

Alfajiri. Nilikuwa macho. Ng'ambo ya ukuta kikatoka kitu kama bawaba yenye kutu, kikakatika, kikajaribu tena. Halafu sauti ya kitu kidogo kikianguka, halafu fundi akilaani.

Nikaenda moja kwa moja, sikungoja saa mbili. Alikuwa kashika saa ya mkono imefunguliwa. Ile springi nyembamba kama unywele imekatika.

"Uliniambia majike."

"Nilisema uongo. Nilichagua yaliyochongoka. Yote."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nataka jogoo. Sikujua habari ya macho yako. Nilipojua niliona aibu, na aibu ikazaa woga, na woga ukanenepa."

Akanyosha kidole mlangoni. Nikatoka.

20 Juni

Nimerudi kwake na kisu. Nilimwambia, "Fundi, mmoja nilichinja kwa majivuno. Huyu nitamchinja kwa haki yako. Mpapase mara moja ya mwisho, tumalize."

Nikasikia saa zake zote, na nikajua nyingine zinachechemea, nami sasa najifunza.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nilisimamisha saa za wateja siku nne, halafu unisimamie na kisu? Weka chini. Simtaki afe. Nataka masikio yangu mpaka saa mbili asubuhi. Baada ya hapo awike mpaka apasuke. Hilo ni lako, utajua mwenyewe."

Jioni nikamhamishia jogoo kwetu, na mama muuza mkaa akanifundisha: jogoo asiponyosha shingo hawezi kuwika. Mfunike chini ya kitu kifupi, gizani.

Mara hii nilimuuliza amejulia wapi. Kumbe aliwahi kuwa na jogoo. Na jirani.

27 Juni

Siku ya saba, na fundi hajasikia kitu kabla ya saa mbili. Jana kaniambia karibu. Springi kaibadilisha. Jogoo ameshajaribu kuwapanda matetea wawili wa kwetu, na Madoa kashaanza kukaguakagua viota tena, Mungu atuhurumie.

Bandani mwanga unaingia kila upande, haifai. Mahali penye giza la kutosha ni pamoja tu, chini ya kitanda changu, ndani ya beseni lako la bluu lililofunikwa, blanketi dirishani. Ndiyo, mwanangu, nasema na wewe. Karatasi za vipimo zimebaki mbili, kesho kutwa utakutana na mimi hapa katikati, na najua utasoma, nimekulea. Namvusha jogoo kizingiti magharibi, namtoa saa mbili, na hajagusa hata uzi.

Unanidai usafi, mimi nakudai zile kola. Sikusema kwa mwalimu, wala kwa muuza mkaa, wala sikukutania hata siku moja, na unajua hilo lilinigharimu kiasi gani. Basi nilipe kidogo tu: usifagie chini ya kitanda changu, na mteja wa mapema akisikia kitu kinakwaruza koo chumbani kwangu, mwambie ni baba, kifua kinamsumbua.